Kilengeo cha Mpwa

"Mjomba, umefurahi?" Aliulizwa hivyo siku ya Jumanne, mbele za watu, ndani ya ukumbi wa klabu ya kulenga shabaha, na binti wa dada yake aliyekuwa ameshika karatasi ya matokeo: alama mia tano sitini na nne. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akasema taa za ukumbi huu zimechoka. Leo ni Ijumaa, saa kumi jioni, naye ameketi kwenye benchi nje ya duka lake la kutengeneza saa, mkabala na ukumbi uleule, kahawa ikimpoa mkononi. Hapo kijiweni wanamwita Nukta, kwa kuwa kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyelichapa doa jeusi kwa bastola ya upepo kama yeye. Kulia kwake yuko Kinyozi, ambaye hajapata kushika bastola ila ana maoni juu ya kila chenye tundu. Kushoto yuko Hewala, dereva wa lori mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa kukubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Kesho asubuhi klabu itawashindanisha wapigaji wake, ichague mtu mmoja wa kuiwakilisha kwenye mashindano makubwa. Mmoja, si wawili.

— Jana umepiga ngapi? aliuliza Kinyozi.

— Mia tano na ishirini.

— Si mbaya. Mimi sijafika hata hapo.

— Wewe hujawahi kupiga.

— Ndiyo nasema sijafika.

— Hewala, alisema Hewala. Hajafika.

Nukta alikunja uso. Mia tano na ishirini ilikuwa aibu. Yeye ndiye mwenye mia tano sitini na moja iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu ukutani, mpaka Jumanne.

— Risasi zinakwenda wapi? Kinyozi aliendelea.

— Chini kushoto. Zote. Zimekaa pamoja vizuri, ila zimekaa pabaya.

— Kama kamati ya klabu.

— Hewala.

— Basi dawa ni nyepesi, alisema Kinyozi akijisogeza. Kilengeo nacho kisogeze kushoto, kizifuate. Mwizi hufuatwa alikokimbilia.

— Kinyozi, kilengeo cha nyuma husogezwa kule unakotaka risasi iende. Ikipiga kushoto, unakisogeza kulia.

— Kwa hiyo mwizi kakimbilia kushoto, wewe unakwenda kulia?

— Ndiyo.

— Ndiyo maana hukamati mtu.

Nukta aliweka kikombe chini, akainua kidole gumba cha mkono wa kulia, na vidole viwili vya kushoto akavitanua. Aliwaeleza kama alivyokuwa akimweleza mpwa wake miaka minne iliyopita, alipomleta ukumbini akiwa na miaka kumi na saba na mabega yaliyoinama. Mbele ya bastola kuna kijiti, nyuma kuna kibao chenye pengo. Unakiweka kijiti katikati ya pengo, mwanga ukae sawasawa kulia na kushoto, doa jeusi ulikalishe juu. Kibao kina skrubu mbili, moja ya juu na chini, moja ya kulia na kushoto. Ukizizungusha kwa bisibisi zinalia tik. Tiki moja, risasi inahama kidogo.

— Na jicho linatazama doa, alisema Kinyozi.

— Linatazama kijiti. Doa liache liwe na ukungu.

— Unapiga usichokitazama?

— Ndiyo.

— Mwenye macho haambiwi tazama, Kinyozi alimwambia Hewala kwa huruma. Huyu kaambiwa asitazame, na katii.

Tuseme ukweli, maana pale kijiweni hakuna aliyeusema. Nukta alijua kwa nini risasi zake zinaanguka chini kushoto. Jumatano, mpwa wake alipomaliza mazoezi na kwenda kunawa mikono, maana risasi za bastola hizo ni za madini ya risasi, na hutia vidole weusi, bastola yake ilibaki mezani. Ya klabu, aina moja na ya mjomba. Nukta alitoa bisibisi yake ya saa, akazirudisha skrubu za binti mpaka mwisho huku akihesabu. Fundi saa ana sikio. Juu kumi na nne, kulia tisa. Kisha akazirudisha vilevile zilivyokuwa, tiki kwa tiki, kwa sababu si mwizi, alijiambia, anaangalia tu. Halafu akaichukua bastola yake mwenyewe, akaiweka juu kumi na nne, kulia tisa. Hata kijiti cha mbele alikibadilisha, akaweka chembamba kama cha binti, yeye mwenye miaka hamsini na minane, ambaye kwa jicho lake kijiti kile ni unywele ndani ya moshi.

Ukimwonea mtu wivu, hutaki tu alichopata. Unataka na njia aliyopitia, hata kama viatu vyake havikutoshi.

— Mimi naona ni feni, alisema Hewala, ambaye leo alijaribu kuwa na wazo lake. Ile feni ya ukumbini inasukuma upepo kuelekea kushoto.

— Mbona haimsukumii binti? aliuliza Kinyozi.

— Hewala. Haimsukumii.

— Binti ana kucha, hiyo ndiyo siri. Kucha ndefu hushika mpini bila kutetemeka.

— Hana kucha ndefu, alisema Nukta.

— Basi ni nywele. Zile nywele alizozisuka zinambana kichwa, jicho halichezi. Mimi nazijua nywele. Akili ni nywele, na nywele nazikata mimi.

— Anasoma chuo, Hewala alikumbusha. Huko wanafundishwa mahesabu.

— Ndiyo hayo. Mwanamke hawezi kumpita mwalimu wake kwa mkono mtupu. Nakuambia lipo jambo. Kile kilengeo kina kioo ndani. Nimesikia viko vyenye vioo, unaona doa kubwa kama sinia.

Nukta angeweza kusema hapana. Alikihesabu kilengeo kile kwa mkono wake. Ni chuma kitupu, hakina kioo hata cha kuakisi kope. Angeweza kusema kwamba binti hufika ukumbini kabla ya mlinzi, kwamba husimama dakika ishirini akiinua na kushusha bastola isiyo na risasi, mpaka bega limlie. Badala yake alinywa kahawa, na maneno ya Kinyozi yakamshuka tamu kuliko sukari. Tangu siku ile ya Jumanne, mtu akimwonyesha mwenzake pale barabarani, hasemi tena "yule ndiye Nukta." Anasema, "yule ni mjomba wa yule binti." Miaka kumi na mmoja, na sasa amekuwa mjomba.

— Tuandike barua, alisema Kinyozi.

— Barua gani?

— Kwa kamati. Kilengeo chake kikaguliwe kabla ya kesho. Wakianza kukagua, asubuhi itapita, jina lake litakuwa halijapitishwa, utaingia wewe. Mchelea mwana hulia mwenyewe.

— Ni mtoto wa dada yangu.

— Methali imesema mwana, haikusema wa nani.

Hewala alikwisha kuingia dukani na kutoka na daftari la risiti na kalamu. Kinyozi akaandika akiwa amelilalia benchi, ulimi nje. Kwa Kamati. Sisi wapenzi wa mchezo tuna shaka kubwa na kilengeo. Aliandika "shaka" akaikata, akaandika "ushahidi."

— Upo wapi ushahidi? aliuliza Nukta kwa sauti ndogo.

— Ushahidi ni wewe. Weka sahihi hapa. Fundi akisema, nani atabisha?

Nukta aliishika kalamu. Hapo ndipo mama mmoja mshonaji, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, alipopanda ngazi mbili za duka. Alikuja kuchukua saa ya ukutani. Hakuwa mtu wa kijiwe. Nukta alimwambia asubiri kidogo, mama, saa yako iko tayari, kuna karatasi namaliza. Yule mama akasubiri, na alipokuwa akisubiri aliisoma karatasi bila kujificha, kama anavyosoma mtu aliyezoea kuchungulia pindo za watu.

— Kilengeo ni nini? aliuliza.

Kinyozi alimweleza, kwa kijiti, pengo na tiki, na alieleza vizuri, kana kwamba ameyajua tangu kuzaliwa.

— Na huyu baba naye anacho?

— Anacho, mama. Ila siku hizi kinapiga chini kushoto.

— Zamani kilikuwa kinapiga sawa?

— Miaka kumi na mmoja.

Mshonaji akamgeukia Nukta.

— Kilipokuwa kinapiga sawa, kilikuwa tiki ngapi?

Kinyozi alimtazama Nukta. Hewala alimtazama Kinyozi, akifungua mdomo kwa neno lake, lakini hapakuwa na mtu wa kumkubalia. Nukta alijaribu kuhesabu kichwani. Juu kumi na nne, kulia tisa, ndizo zilizokuja, na zikaja tena. Zake hakuwahi kuziandika. Aliziweka miaka kumi na mmoja iliyopita, hakuzigusa tena, na Jumatano, kwa ile haraka ya kumaliza kabla bomba la maji halijafungwa, alizizungusha bila kuzisikiliza. Yeye, mwenye sikio.

— Sijui, alisema.

— Hujui? Kinyozi alicheka kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

— Hakuna anayejua.

Aliingia dukani, akatoka na saa ya mama, akamkabidhi. Akaichana ile karatasi katikati, akaichana tena, akavitia vipande mfukoni. Kinyozi alilalamika kwamba ule mwandiko umemgharimu, birika la kahawa nalo likamiminwa likatoa matone mawili na machicha. Nukta alikuwa amekwisha kuvuka barabara.

Ukumbini binti alikuwa peke yake, akipanga karatasi za kesho kwenye vishikio. Alipomwona alinyoosha mgongo.

— Shikamoo, Mjomba.

— Marahaba. Mlinzi anafunga saa ngapi?

— Saa kumi na mbili. Kuna tatizo?

Mjomba alitoa kabatini kisanduku cha bastola yake, akaiweka bastola mezani, kibao cha nyuma kikimtazama binti. Aliona macho yake yakienda kwenye kijiti chembamba, yakasimama hapo, kisha yakarudi usoni mwake taratibu.

— Jumatano ulipokwenda kunawa, alisema, nilizihesabu tiki zako. Zako nimezirudisha kama zilivyokuwa, hakuna nilichoharibu. Lakini nikaziweka kwenye yangu, na za kwangu nimezipoteza. Sizijui tena.

Binti alikunja karatasi moja, akaikunjua.

— Ungeniuliza ningekuambia, Mjomba.

— Najua. Ndiyo maana sikuuliza.

Mjomba alifungua kisanduku, akachomoa kijiti chembamba, akarudisha kile kinene cha wazee. Akazirudisha skrubu zote mbili mpaka mwisho, mpaka zikakataa, akapanga risasi tano mbele yake kwenye kitambaa.

— Kesho ukinishinda, nishinde, alisema. Leo macho yangu hayafiki kwenye ile karatasi. Naomba usimame nyuma yangu, uniambie zinaangukia wapi.