Kurasa Thelathini na Mbili

Laki moja na elfu themanini na sita! Ziondoe, Ukasha, ziondoe kitandani kwangu kabla sijazitemea mate, wala usinambie tena "Baba, ni za hospitali", kwa kuwa hospitali sirudi, na pesa za kuuza hirizi hazitaninunulia hata sanda. Kaa chini. Nawe Hanan, mwanangu, acha kulia, mpakate mwanao Safa usikie. Mwalimu Nicanor, wewe si wa dini yetu wala si wa damu yetu, lakini ndiwe shahidi wangu. Andika nisemavyo, usinilainishie.

Sikilizeni. Mimi Khatibu wa Jomvu Kuu, fundi wa vyuma katika karakana ya Changamwe, shule niliishia darasa la saba. Kioo cha darubini nilikisugua mwenyewe kwa mikono hii, mwaka mzima na zaidi, nikajifunza nyota kwa vitabu vya kuokota, kisha nikaanza kuzifuata taka tulizozirusha wanadamu huko juu, vipande vya roketi zilizokufa, vinavyoizunguka dunia kama mbuzi wasio na mwenyewe. Kila baada ya magharibi na kila kabla ya alfajiri, miaka ishirini na sita, nimeandika kipande gani kimepita kando ya nyota gani, saa ngapi, na kimemetameta kila baada ya sekunde ngapi, maana chuma kinachobingirika humetameta, na kikibadili mwendo ujue kuna jambo limekipata. Madaftari kumi na saba. Mwalimu akiyapeleka kwa kompyuta kwa watafiti wa ng'ambo, nao wakajibu, wakaniita mtafiti mwenzao. Hapa mtaani nikaitwa nani? Mpiga falaki. Walikuja mlangoni pangu, wake kwa waume, "Shikamoo mzee, nitazamie nyota yangu," nami nikiwajibu, "Nyota yako haipo, mama, zilizopo ni za Mungu, nenda kafanye kazi." Mwenye shilingi mia nilimfukuza, na mwenye elfu kumi nilimfukuza. Huo ndio utajiri nilioukataa mimi, ukauokota wewe.

Nimelala miezi mitatu tu, Ukasha. Miezi mitatu! Ukaziona safu za tarakimu zangu, ukajua watu wataziogopa, ukazichana kurasa, ukazikunja, ukazishonea ngozi, ukaziuza elfu sita kila moja, toka mtaa wa Junda mpaka mtaa wa Shika Adabu. Leo kuna mwanamke amejifunga kiunoni mapito ya roketi iliyokufa, angoja mume! Juma lililopita Mwalimu alikuja kunakili daftari la tisa, ukurasa wa ile jioni kipande changu kilipoacha kumetameta kila sekunde kumi na moja kikaanza kila kumi na nne, kwa sababu kiligongwa, na hapana mwengine aliyekiona. Kakuta mchaniko. Watafiti wanaungoja ukurasa huo, nami pumzi zangu zahesabika.

Wasema nilikutesa. Ndiyo. Ulipofeli mtihani nilikwambia mbele ya wajomba zako kwamba roketi iliyokufa ina faida kuliko wewe, maana yenyewe hupita kwa wakati wake. Nilikusudia kukuumiza, nikakuumiza. Lakini nilikwambia usoni, na leo silirudishi neno.

Haya, mali. Nyumba na kiwanja vigawanywe kisharia; fungu lako, Ukasha, siwezi kukunyima, na wallahi ningeweza ningekunyima. Katika thuluthi yangu ya wasia, darubini ni ya mjukuu wangu Safa, na madaftari ni ya Mwalimu. Lakini radhi haimo katika mafungu. Radhi haina kadhi wa kuigawa. Waliotutangulia walisema radhi ni bora kuliko mali, basi mali utapata, radhi nimeifumbata hapa, na nikizikwa nayo, nimezikwa nayo. Pesa hizo zirudishe mlango kwa mlango, na kila mlango useme kwa kinywa chako, "Nilikuuzia uongo," kisha uifumue hirizi mbele yao, utoe karatasi, uinyooshe, umletee Mwalimu. Wakikupiga, umepigwa. Uliuza thelathini na moja.

Na moja... Ngoja. Maji, Hanan. Basi, yatosha.

Na moja uliitoa bure. Shingoni mwa mtoto. Usimfunike, Hanan, nimeiona. Wasema tangu aivae degedege halijarudi. Degedege liliondolewa na sindano, na sindano niliilipa mimi, niliuza baiskeli yangu. Wajua hilo, Hanan, na bado waogopa. Ogopa tu. Mtoto atalia, na alie.

Mungu akukuze, Safa... akupe macho makali na ulimi usiopinda. Hanan, nimekuwia radhi. Mwalimu, ulinishika mkono, sina cha kukulipa ila madaftari. Nizikeni mapema, na asisimame mtu kunisifu.

Ukasha. Sikuoni vizuri. Upo? Thelathini na mbili. Anza na huo... hapo shingoni. Mpe mkasi, Hanan.

Nataka ukurasa wangu.