Mama Subiri Anaiacha Meza ya Pembeni

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wetu mkuu wa kuunganisha mwanga atakabidhi koti jeupe, hadubini na funguo za kabati, kisha atastaafu. Karakanani sote tunamwita Mama Subiri. Mhariri wa jarida letu la kazini alipouliza nani aandike wasifu wake, niliinua mkono kabla hajamaliza swali. Kusema kweli, niliogopa kazi hiyo angepewa mtu wa kumsifu kupita kiasi. Nimekaa meza ya jirani yake miaka ishirini na sita, najua pa kupunguza.

Alipoajiriwa, kupitisha rangi nane za leza kwenye uzi mmoja wa kioo kulihitaji leza nane, kila moja na sanduku lake, na zote pamoja zilijaza kabati refu kama jokofu. Leo kazi hiyo inafanywa na chipu moja ndogo kama ukucha wa mtoto. Leza moja inaingia, rangi nane zinatoka, na kila rangi inabeba mzigo wake wa data bila kugombana na jirani. Ni rangi ambazo jicho halizioni. Kwenye skrini zinasimama kama meno manane ya chanuo, basi nasi tukaiita hivyo hivyo, chanuo.

Wahandisi walilichora vizuri, sikatai, ila chanuo lisilounganishwa na uzi ni pambo tu. Uzi wenyewe ni mwembamba kama unywele, na lazima ukae mbele ya chipu bila kupotoka hata sehemu ya mia ya unene wake, mpaka gundi ishike. Miaka kumi na miwili iliyopita, chanuo la kwanza kutoka humu likiwa na meno yote manane liliunganishwa na Mama Subiri. Picha yake akiwa na tuzo imetundikwa mapokezi. Napita mbele yake kila asubuhi, na kila asubuhi roho inaniuma.

Siri yake niliigundua mapema, au ndivyo nilivyodhani. Ilikuwa meza. Karakana ina meza nne. Ya kwake iko pembeni, imeegemea ukuta mnene, ina dirisha, na hakuna mpita njia wa kukugonga kiwiko. Yangu iko njiani kuelekea mlangoni. Nikajiuliza ni nani angeshindwa kufanya maajabu kwenye meza ile. Niliiomba mara tatu: mwaka wangu wa tatu, wa kumi na wa kumi na tisa. Mara zote alinijibu kwa upole unaokera kwamba hiyo nimwachie yeye. Mke wangu alichoka kusikia habari zake, akaniuliza kama nilimwoa yeye au meza.

Kilichonichoma zaidi ni mapumziko yake. Kila baada ya dakika kumi hivi aliweka kibanio chini, akakunja mikono na kutazama dirishani dakika nne nzima. Ukimwendea na swali, alikuambia usubiri kidogo. Jina likaanzia hapo. Aliwahi kumtoa nje mkurugenzi pamoja na wageni sita kwa sababu ya vishindo vya viatu vyao, wakasimama ukumbini kama wanafunzi waliochelewa mpaka gundi ikakauka. Nyumbani kwake mume ni fundi saa, kwa hiyo subira wanayo ya kugawa. Mimi nilikuwa napambana na kazi bila kupumua, huku nikiwanong'oneza wenzangu kwamba mwenye meza ya kifalme hana budi kukaa kifalme. Ikifika Ijumaa, machanuo yake yaliyofaulu yalikuwa mengi kuliko yangu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakuwahi kunitambia.

Jumatatu ya wiki iliyopita nikakabidhiwa meza. Nilivaa shati jipya. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeharibu chipu tatu. Uzi unakaa sawa, meno manane yanasimama, halafu gundi ikikaribia kushika, meno yanaporomoka. Nikaamini amelegeza skrubu makusudi ili asipatikane wa kumrithi, nikamwambia hivyo mbele ya watu.

Hakukasirika. Alinishika mkono, akaulaza juu ya meza, akaniambia nisubiri. Baada ya dakika mbili nikausikia mtetemo mdogo, kama wa paka aliyeshiba. Nyuma ya ule ukuta mnene kuna pampu ya kupoza jengo. Iliwekwa mwaka wangu wa tatu kazini. Inanyamaza dakika kumi, inanguruma dakika nne. Kwa miaka ishirini na tatu Mama Subiri alikuwa akichomeka kazi yake katikati ya ngurumo hizo, chanuo la tuzo likiwemo. Meza niliyoimezea mate maisha yangu yote ndiyo iliyokuwa mbovu kuliko zote.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alisema aliwaandikia wakuu barua mbili, pampu haikuhama, na mtu ilibidi akae pale. Wakati huohuo mimi nikaja kuiomba: nina pacha wachanga, silali, mikono inatetemeka, mkataba unakaribia kuisha. Chipu chache tu zingeharibika, ningerudi kwa wanangu bila kazi. Akaona heri asubiri yeye, na nilipoiomba tena baadaye alikuwa ameshaizoea pampu. Kisha akacheka mpaka akatafuta kiti, akanikumbusha kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Niliona haya, nikamwomba radhi mbele ya walewale. Ila nisiwadanganye, wivu haukuisha. Zamani nilimwonea wivu kwa meza, sasa namwonea kwa roho ile, na mezani nimetafuta, hakuiacha.

Juzi binti mpya wa meza ya tatu, ambaye mama yake anaumwa na ambaye bado yuko kwenye miezi ya majaribio, alinifuata akaomba tubadilishane. Alisema huku pembeni pametulia na pana dirisha. Nimemwambia hii aniachie mimi. Ameondoka akinitazama kwa jicho ninalolijua vizuri sana.

Mama Subiri, ahsante kwa miaka thelathini na mmoja, na hasa kwa ile ishirini na tatu ambayo sikuijua. Sisi wa karakana tunakuombea afya, wajukuu watundu, na siku ndefu zisizokatwa na pampu. Nenda salama, dada yangu. Safari hii usisubiri chochote.