Derk Obbink, Aliyetafuta Mahali Panapobana (1948–2023)

Derk Obbink alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kitongoji cha Lintelo, karibu na Aalten, mtoto wa nne wa Hendrik na Dina, wafugaji. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha miaka mitatu ya ufundi mjini Doetinchem. Basi, hakuendelea.

Mwaka 1965 aliajiriwa kwenye kiwanda cha majiko ya chuma. Watu wa tanuri walikuwa wakihimizwa kutwa, huku vyuma vikirundikana mbele ya mzee mmoja tu aliyesugua kingo. Derk akasema tanuri lipunguzwe kasi, mzee aongezewe wenzake.

"Unaumwa wewe?" msimamizi alimuuliza.

Lakini walijaribu, na mwezi uliofuata majiko yalitoka kwa wakati. Tangu hapo akawa anaitwa huku na huku: kiwanda cha jibini, shule, ofisi ya manispaa, hata hospitali moja iliyojaa watu waliokwisha kupona, wote wakingoja sahihi ya mfamasia mmoja. Kuona panapobana kulimchukua asubuhi moja. Kuwafanya wakubwa wakubali kulichukua mwaka, na kila mara alirudi nyumbani amechoka.

Tarehe 3 Mei 1974 alimwoa Willemien te Brake. Siku ya harusi supu ilichelewa, upawa ulikuwa mmoja. Derk akaondoka mezani, akarudi na pawa tatu za jirani.

"Bwana harusi," Willemien akamwambia, "umenioa mimi au umeoa sufuria?"

Willemien alifariki mwaka 2011.

Mapafu ya Derk yalianza kumsumbua mwaka jana. Binti yake Riekie alirudi kumuuguza: dawa, kumwogesha, kufua, simu. Majirani walipouliza kama wasaidie, Riekie alijibu kila siku, "Tunaweza wenyewe." Akakonda. Mara moja alisinzia amesimama jikoni, maziwa yakaungua.

"Kila kitu humu ndani kinapita kwako, mwanangu," Derk alisema. "Utakatika."

"Baba, mimi si kiwanda."

"Kiwanda kingekuwa kimeshagoma."

Akamwita Gert Lammers wa nyumba ya pili, maana kwetu ugonjwa na msiba ni wajibu wa majirani wa karibu. Wakagawana siku. Riekie alilia kwa hasira, kisha akapanda ghorofani kulala.

Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa nane na dakika ishirini mchana, Derk alifariki, Gert akiwa amemshika mkono. Riekie, aliyekuwa amelala ghorofani, aliamka saa kumi na moja jioni.

"Kwa nini hamkuniamsha?"

Gert alikuwa anazungusha kofia mikononi. "Alisema atakayekuamsha atamjibu yeye, binti. Nikaogopa."

Riekie akakaa kwenye ngazi. Akasema, "Hata mimi ningeogopa."

Ameacha watoto wawili, Riekie na Bennie, wajukuu watatu, na dada yake Hanna.

Naye sasa alale, asiamshwe mpaka siku wote watakapoamshwa.