Miwani ya Kuteremkia Menengai

Asubuhi moja ya Septemba 2007, Kipchirchir alifika kwenye benchi la nje ya karakana ya Waithaka, njia panda ya Kaptembwo, akisukuma baiskeli yake ya milimani kwa mkono mmoja, wa pili ukishika miwani iliyokatika katikati. Jumamosi, akifanya mazoezi ya kuteremka mlima Menengai, miwani ilimruka usoni akamgonga ng'ombe. Ng'ombe hakuumia. Yeye alichubuka kuanzia kiwiko hadi paja. Mashindano yalikuwa Jumapili iliyofuata, na mshindi angechukuliwa na timu ya Nairobi. Miaka mitatu alikuwa ameingoja nafasi hiyo, akisambaza maziwa kwa baiskeli ile ile. Waithaka, fundi ambaye kila mtu alimwita Spoki, alimsogelea. Wasike, aliyeitwa Diwani kwa kugombea kiti hicho mara mbili na kuanguka mara mbili, alikuwa ameketi kwenye benchi, na alikuwa na maoni kabla ya kuulizwa. Zeddy, muuza kahawa mwenye thamosi, akamimina kikombe.

— Niaje, Kip, Spoki akasema. Hiyo ni miwani ama ni spea?

— Ilikuwa miwani. Nataka ingine ya mlimani, na sijui nichukue gani.

— Shida ni kuruka, Spoki akasema. Nitakufungia na tiubu ya gurudumu. Nazungusha kichwa mara nne, napaka solushen, ile gundi ya pancha, imeisha.

— Na akitaka kuivua? Zeddy akauliza.

— Tutamnyoa.

— Pia iliingia mvuke, Kipchirchir akasema. Nikipanda napumua sana, kioo kinakuwa nyeupe pe!

— Huo mvuke umekosa tu mlango. Niko na drili, natoboa matundu kila upande.

— Utoboe kioo cha macho?

— Matundu madogo, buda. Si ya kupitisha ngumi.

Kipchirchir alicheka, halafu akaacha. Kilichomtisha ni kwamba wazo lile la drili lilikuwa limeanza kumwingia akilini.

Diwani aliweka kikombe chini kama mtu anayefungua mkutano.

— Nyinyi mnafikiria kidogo. Macho ni mawili. Kulia, kioo cheusi, cha jua. Kushoto, kioo cheupe, cha kwenye miti. Akiingia msituni anafumba la kulia.

— Na mahali kuna jua na miti? Kipchirchir akauliza.

— Anakonyeza haraka haraka.

— Watu watadhani anawatongoza, Zeddy akasema.

— Kwani lazima miwani ikae usoni? Spoki alikuwa amesimama sasa. Tunafunga kioo kikubwa kwa usukani, kama lori. Tunaweka waipa ya kukifuta. Cheni inazungusha waipa!

— Akisimama, waipa itasimama, Zeddy akasema.

— Ndiyo ajue amesimama!

— Wacha huyo, Diwani akasema. Mwenye makosa ni ng'ombe. Mnyama mzima, miguu minne, anashindwa kukwepa? Nikichaguliwa Desemba, kila ng'ombe wa Menengai atapewa miwani bure.

Wakati huo gari dogo lilisimama. Mwanamke alishuka akiwa na sanduku la ngozi, akaomba kahawa. Alijitambulisha kuwa Nazneen, mpimaji wa macho, njiani kwenda kupima wanafunzi. Aliwasikiliza hadi nusu ya kikombe, kisha akachukua ile miwani iliyovunjika.

— Boss, hii ulipimiwa lini?

Kipchirchir alimtazama Spoki. Spoki akamtazama Diwani. Miwani ile Kipchirchir aliichagua sokoni, kwenye rundo la mitumba, kwa sababu haikumbana masikioni.

— Chukua lenzi ya plastiki, isikupasukie jichoni, Nazneen akasema. Fremu iukumbatie uso lakini iache hewa ipite, na kamba nyuma. Lakini kwanza macho. Kaa hapa.

Akafungua sanduku pale pale kwenye benchi, akamvisha fremu ya chuma, akaanza kuingiza na kutoa lenzi. Kipchirchir akasoma bango la duka la ng'ambo ya barabara hadi herufi za mwisho.

— Vizuri. Sasa tazama mbali.

Akainua uso kuelekea Menengai. Aliona miti, mmoja mmoja, si ule ukungu wa kijani aliouzoea. Aliona ukingo, na chini ya ukingo mstari mwembamba wa vumbi ukianguka wima kama kamba ya ndoo kisimani.

— Spoki, akasema polepole. Ile ndiyo njia mimi hushuka nayo?

— Ndiyo hiyo.

— Yote?

Spoki akaitikia kwa kichwa. Kipchirchir aliushika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

Nazneen alikuwa na lenzi nyingine tayari mkononi.

— Niambie, boss. Hii ni afadhali, ama ile ya kwanza?