Mama Msumari na Migongo ya Picha

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja, fundi fremu wa makumbusho yetu ya sanaa ya kisasa anastaafu. Nyie mnamwita Mama Msumari. Mimi namwita shangazi. Mkurugenzi aliniomba niandike kitu chepesi cha kuchangamsha sherehe, akasema ananiamini, hana haja ya kukisoma kabla hakijachapwa. Haya.

Alianza kazi jengo likiwa bado linanukia mikate, maana lilikuwa kiwanda cha mikate. Picha ya kwanza aliitundika juu ya mdomo wa tanuri. Picha zote zilikuwa sita tu. Ya tatu ililetwa kwa baiskeli, imefungwa kwa shuka, na mke wa mchoraji akaja mbio nyuma kudai shuka lake. Tunayajua haya kwa sababu shangazi, kabla ya kutundika picha, huigeuza akaandika mgongoni kwa penseli: nani kaileta, lini, vipi. Mara nyingine hutia na maoni. "Mchoraji anasema ni machweo. Mimi naona kiini cha yai."

Mwaka jana makumbusho yalipotaka kijitabu cha historia yake, watafiti hawakukuta faili hata moja la miaka ya mwanzo. Wakageuza picha. Walinakili siku nne, shangazi akiwashushia moja moja na kuwapa chai.

Kwa kuwa nimesoma kwa lugha mbili, nilipewa mimi kukitafsiri. Kinawashukuru wafadhili, wakurugenzi watano, hata aliyetengeneza vibao vya vyooni. Chanzo cha habari kimeandikwa "kumbukumbu za makumbusho". Shangazi hamo. Niliona mapema, nikaogopa kumkabili Mkurugenzi, nikatafsiri kimya kimya.

Jioni moja shangazi akaniuliza, "Niko ukurasa wa ngapi, mwanangu?"

"Bado sijafika mwisho, shangazi."

Nilikuwa nimemaliza siku mbili kabla.

Leo atakabidhiwa kijitabu hicho hicho, kimefungwa utepe. Ndiyo zawadi yake.

Shangazi, nisamehe. Humo hutajiona. Uko kwenye ukurasa huu, na mgongoni mwa kila picha, kwa mwandiko wako mwenyewe. Asante kwa kila msumari. Kapumzike, mikono yako ipate siku nyingi za kufanya inachotaka. Na ukifika nyumbani, kigeuze hicho kijitabu: jalada la nyuma ni jeupe. Penseli nimeshakuchongea.