Kiti cha Plastiki Kando ya Uwanja

Amani iwe kwenu, mliokuja na Biblia na mliokuja na tasbihi. Nimeombwa nishuhudie kupona kwangu. Nitashuhudia, ila nawaonya mapema: mguu umepona, hasira bado.

Ndugu zangu, mnanijua. Miaka nenda rudi, kila Jumamosi, tunacheza softiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, na rafiki zangu pale Mansfield, huku ughaibuni. Tulianza hatujui lolote. Mmoja alishika lile gongo kama anatwanga kisamvu. Lakini mimi! Kuna mpira niliupiga mwaka ule wa kwanza, mpaka leo haujatua. Mimi niliyesoma shule ya jioni mpaka usingizi wangu ukapata diploma, kwenye zile nyasi nilikuwa profesa.

Kisha kiharusi kikanipiga upande wa kushoto. Rafiki zangu walinijia hospitali na masufuria ya pilau ya kulisha jeshi. Kwa hilo, Mungu awalipe. Ubaya ulianza niliporudi uwanjani na fimbo yangu.

"Shikamoo, mzee!"

Shikamoo! Kutoka kwa mtu tuliyelingana hata mvi! Nikaletewa kiti cha plastiki, nikawekwa kivulini, sahani ya kwanza yangu. "Usiinuke, mzee, tutakuletea." Nikiomba kucheza, wanatabasamu kwa upole. Nawaambia, hakuna tusi linalouma kama upole ule. Daktari kasema mguu usiotumika unasahau kazi. Wenzangu wanausahaulisha, kwa heshima zote.

Nikafoka mpaka wakaniachia gongo. Nikaugusa mpira, ukabingirika kama ndimu hadi kwa mdakaji. Yule bwana anadaka hata mbayuwayu akiruka. Akaudondosha. Akaudondosha tena! Akajifanya anautafuta majanini mpaka nikajiburuta kufika beisi ya kwanza, kile kituo unachopaswa kukikanyaga kabla mpira haujafika. Makofi! Wake zao vigelegele! Nilitaka kulitafuna lile gongo.

Nyumbani nikamwambia mke wangu: siendi tena, na mazoezi ya mguu basi. Ya nini, kama mbio zangu ni maigizo? Nikakaa. Mguu ukaanza kuwa gogo.

Wakaja wachezaji wa Houston kwa mechi yetu ya kila mwaka. Mke wangu akanipakia garini kama mzigo. Kwenye beisi ya kwanza, upande wa wageni, alisimama dada mmoja Mkenya, nesi. Nikapiga, ndimu ileile. Watu wangu wakapaza sauti: "Mwacheni, mgonjwa huyo!" Mdakaji wao akasita.

"Wee! Lete hiyo ball hapa!" dada akafoka. Akaidaka, mguu juu ya beisi, mimi bado niko nusu njia.

"Uko out, mzee."

"Dada, nilipata kiharusi."

"Pole sana. Lakini uko out. Huo mguu unauburuta, hauuinui. Nani anakufanyisha mazoezi, hawa wa 'mwacheni'?"

Watu wangu walitaka kumla mbichi. Mimi nikacheka mpaka machozi. Nimetolewa, jamani! Aliyekaa kitini hatolewi.

Kesho yake nikaanza upya. Nimepanda ngazi za nyumba yangu kiasi cha kufika mwezini, mke wangu nyuma akinihimiza, "Inua! Usiburute!" Fimbo nikaiacha mlangoni.

Mwaka huu tumewafuata Houston. Nikapiga, nikakimbia. Yule dada akaudaka mpira. Hakunitazama usoni, akatazama mguu wangu: uko juu ya beisi, umemtangulia kwa unywele.

"Safe," akasema. "Sasa jitayarishe ukimbie ya pili, usinijazie nafasi hapa."

Namshukuru mke wangu. Namshukuru daktari. Namshukuru dada yule asiyenihurumia. Na nyinyi wa pilau, mliokaa mstari wa tatu mkitazama viatu vyenu, nawashukuru pia, kwa pilau tu. Mgonjwa mpelekeeni chakula, mwombeeni dua. Lakini akiupiga mpira, udakeni!

Jumamosi nakuja. Kile kiti msikitafute. Nimekivunja miguu yote minne.