Uchawi Upungue, Mlinzi Apumzike

Mgeni rasmi, Shangazi yetu, msimulizi wa mchezo wetu wa kuigiza hadithi na mwamuzi wa kila dadu inayoanguka mezani:

Sisi wachezaji tunakukaribisha kwa heshima zote, ingawa umeingia kwa mlango uleule wa kila Jumamosi na kukalia kiti chako kilekile. Leo tumekitandikia kitambaa. Risala inasomwa na Fundi cherehani, mwenye chumba hiki, kwa sababu wengine tumeogopa.

HISTORIA FUPI

Tulianzia kwenye meza hii ya kupigia pasi. Kila mmoja alijibunia mhusika wake: Muuguzi akawa mwizi, Dereva akawa binti mfalme, na Kinyozi, mdogo wako, akawa Mlinzi wa Daraja, mzee mwenye goti bovu na mdomo mchafu. Siku hizo uchawi mchezoni ulikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Binti mfalme alipowasha mshumaa kwa kidole, Muuguzi alimwaga chai.

MAFANIKIO

Sasa kila mtu ana pete ya kurukia angani. Tuna upanga unaoongea, na kazi yake kubwa ni umbea. Mbuzi wetu wa mizigo anaona yajayo. Juzi joka lilitua mbele yetu, Dereva akauliza kama litakaa sana, maana alikuwa na safari alfajiri.

CHANGAMOTO

Hatuogopi tena, Mgeni rasmi. Tukifa tunafufuliwa kabla chai haijapoa. Jirani muuza mkaa, aliyetusikia dirishani tukijadili kupunguza uchawi, ametuambia anatuombea. Tumeshukuru.

Lakini changamoto kubwa ni Mlinzi. Tangu Kinyozi afariki, unamchezesha wewe. Ameliwa na fisi, ametumbukia kisimani, ameangukiwa na mnara, na kila mara unampatia dawa mpya ya kumwinua. Ili isionekane upendeleo, ukatugawia na sisi uchawi. Tulijua. Hatukusema kwa sababu nasi tulitamani aamke. Ila siku hizi hatukani mtu, wala goti halimuumi. Huyo siye.

Fundi ni mtoto wa marehemu. Kila Jumamosi anamwona baba yake akiinuka, kisha anafunga chumba na kurudi nyumbani ambako hakuinuka mtu. Ametuomba tuliandike hilo, na sauti ikimkwama hapa, tumekubaliana kwamba ni mafua.

MAOMBI

Pete zikusanywe. Upanga unyamaze. Mbuzi arudi kuwa mbuzi. Uchawi uwe wa nadra, na anayeutumia apungukiwe na kitu anachokipenda.

Ombi la mwisho ni la Fundi, nasi tunamuunga mkono. Adui yuko ng'ambo ya daraja. Mlinzi asimame pale na goti lake bovu, atukane alivyozoea, apigane bila dawa. Hospitalini waliruhusu mtu mmoja tu kuingia, na aliyeingia ulikuwa wewe. Safari hii tuwepo sote.

Dadu zake ni hizi, tumezifuta vumbi. Fundi anaziweka mbele yako. Zirushe, Shangazi, na zikianguka vibaya usipapase mfukoni kutafuta dawa.

Mungu ampumzishe Kinyozi, akupe wewe afya na Jumamosi nyingi, na atulinde sisi na lile joka, maana sasa tutaliogopa.

Ni sisi wako,
Wachezaji wa Meza ya Pasi